Vichaka vya mzee au zabibu za waya: ipi inakupa waini nyekundu yenye staha

Mbukwenyi ndugu zangu. Mwezi wa nne ukifika mvua zikaanza kukata, watu wanashika mikasi kwenda kupogolea, na kila mwaka lazima kuna mtu atanipigia aniulize swali lilelile, hivi, hivi vichaka vya mizabibu vya zamani alivyoacha mzee ning'oe nipande upya kwenye waya na maji ya matone, au niviache? Mwaka huu kauliza mama mdogo wangu, na kwa sababu nimemjibu kwa simu karibu saa nzima nimeona bora niandike kabisa.

Jibu linategemea zabibu zako unataka zikufanyie nini. Ila kama nia yako ni waini nyekundu laini, iliyotulia, haikupigi kichwani wala haikaushi mdomo, ile unakunywa glasi moja na mbuzi wa mnada wa Msalato na bado mkono unarudi kwenye chupa, basi mi nina upande wangu na nausema wazi, ni vichaka. Waini ya namna hiyo naiita waini yenye staha. Na pale waya inapokishinda kichaka nitasema pia, sababu kuna sehemu inakishinda vibaya sana.

Nalinganisha mashamba mawili ninayoyajua ndani nje. La kwanza ni la baba, upande wa Mpunguzi hapa Dodoma, lilipandwa 1983, aina ya zabibu ni Makutupora nyekundu tupu, hakuna waya hata moja. Kila mzabibu umesimama wenyewe, shina nene kama paja la mtoto, juu mikono mitatu au minne, ukipogolea unabaki kama ngumi iliyofunguka nusu. La pili ni la shemeji yangu kule Hombolo, aina ileile ya zabibu, umri miaka tisa, nguzo na nyaya mbili, matone kila mstari. Misimu mitatu mfululizo tumechachusha zabibu za huku na za kule kwenye chumba kimoja, hamira moja, mapipa yanayofanana, alafu tukakaa mezani tukaonja bila kujua lipi ni lipi.

Shambani kwanza

Kwa kilo usiniulize mara mbili, waya inashinda. Shemeji anavuna karibu mara tatu yangu kwa ekari, anavuna mara mbili kwa mwaka bila kuhema, na kijana wake anaweza kupita katikati ya mistari na bomba la dawa mgongoni asubuhi moja akamaliza. Mi kwenye vichaka tunainama siku nzima, mgongo unauma, na kila mti una umbo lake kwa hiyo huwezi kumpa mkasi mtu uliyemuokota stendi, lazima awe anajua. Ila gharama ya kuanza waya ni nguzo, na nguzo za mti Dodoma adui yake unamjua, mchwa. Shemeji ameshabadilisha nguzo zaidi ya nusu ndani ya miaka tisa. Kichaka hakihitaji nguzo.

Maji sasa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, milimita 500 na kitu hadi 600 kwa mwaka wa kawaida, alafu miezi saba mizima ni vumbi na upepo. Mzabibu wa matone unazoea kunywa pale pale juu, mizizi inajazana chini ya mpira, siku pampu ikiharibika wiki mbili unaona majani yanajikunja. Kile kichaka cha miaka arobaini kimeshatafuta maji yake chini zamani, na lile shina nene ni ghala, linatunza chakula na unyevu, ndo maana joto likija ghafla hakishtuki kama mti mdogo. Na majani yake yanaanguka kama mwavuli pande zote, vichala vinakaa kivulini, haviungui na jua la saa nane. Kwenye waya ukikosea kutoa majani, upande wa magharibi unapata zabibu zimekuwa kama zimechemshwa.

Kuna upepo pia. Kule kisiwa cha Pantelleria, Italia, watu wanapanda mizabibu ya kichaka ndani ya vishimo kabisa ili upepo upite juu, na huo utaratibu wao UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2014. Niliposoma hilo nilimkumbuka baba alivyokuwa anakwangua udongo kuzunguka kila shina anaacha kama sahani, anasema ni kwa ajili ya maji ya mvua, kumbe na upepo wa mwezi wa saba nao unapungua pale chini.

Lakini tusidanganyane kuhusu umri. Umri peke yake haufanyi waini nzuri. Mzabibu mzee unaweza kuwa na magonjwa ya shina yaliyoingilia kwenye vidonda vya mikasi, unaweza kuwa na virusi vya kukunja majani ambavyo vinachelewesha sukari kupanda, na mashina mengine ukigonga yanalia kama ngoma, mchwa wameshamaliza ndani. Faida ya mzee ni kwamba mwenyewe anabeba kidogo. Vichala vichache, punje ndogo, ganda kubwa ukilinganisha na maji ya ndani, na kila punje inaiva karibu sawa na mwenzake. Hapo ndo staha inapoanzia, kwenye mzigo. Shemeji akitaka zabibu za namna hiyo kwenye waya lazima akate vichala vingine vikiwa bado vya kijani avitupe chini, na niambie ni mkulima gani mwenye ada za watoto ataenda kutupa nusu ya mazao yake kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka wa pili wa majaribio yetu alifanya hivyo kwa mistari miwili tu, na nilimwona anavyoumia.

Wenzetu wameshaliona hili. Afrika Kusini kuna mradi wa mizabibu mizee, wao wanaanza kuhesabu uzee kutoka miaka 35, na chupa inawekewa muhuri wenye mwaka shamba lilipopandwa. Swartland, kaskazini ya Cape Town, inajulikana kwa vichaka vingi visivyomwagiliwa. Barossa huko Australia mwaka 2009 walitoa hadi madaraja, miaka 35, 70, 100, 125. Ila mfano unaonigusa mimi ni milima ya Gredos, Hispania, si mbali na Madrid. Udongo wa kichanga uliotokana na granite, mwinuko mita 1,000 hivi, vichaka vya zabibu ya Garnacha ambavyo miaka mingi vilikuwa vinauzwa kwa kilo kwenda kwenye ushirika kutengeneza waini nzito ya bei rahisi. Vijana wakaja, wakavikodi vile vichaka walivyotaka kuving'oa wazee, wakavuna kwa uangalifu, wakapunguza kukamua, na sasa hivi wanatoa waini ya rangi hafifu, inanukia, watu wanaitafuta dunia nzima. Sasa angalia Dodoma: mita 1,100 na kitu, miamba ya granite kila unapogeuka, kichanga chekundu, usiku wa mwezi wa saba unajifunika blanketi. Hatulingani kila kitu, sisi tupo karibu na ikweta na mzabibu wetu haulali kwa baridi, ila msingi wa udongo na usiku wa ubaridi tunao.

Mavuno ya mwezi wa tatu au ya mwezi wa nane na tisa?

Hapa kwangu ndo kuna tofauti kubwa kuliko hata kichaka na waya, na watu wengi hawalifikirii. Kwa kuwa mzabibu wetu hauna majira ya baridi ya kuulaza, ni mkasi ndo unaouamsha. Ukipogolea mwezi wa kumi na kumi na moja unavuna Februari na Machi, ukipogolea mwezi wa nne na wa tano unavuna Agosti na Septemba, ni kama miezi minne hivi kila mzunguko.

Zabibu za Machi zinaivia kwenye mvua. Punje inavimba maji, magonjwa ya ukungu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, yanapanda, mtu anaogopa kuoza anavuna mapema, refraktomita, kile kifaa cha kupima sukari, inasoma 17 au 18. Alafu nini kinafuata, anaongeza sukari ya dukani. Ndugu zangu hili naomba mnisikie, waini iliyobebwa na sukari ya kilo inakuwa na kilevi lakini haina mwili, ni kama mchuzi wa nyama uliotiwa chumvi nyingi kuficha kwamba nyama ilikuwa kidogo. Mavuno ya Machi uza kiwandani, au tengeneza juisi na zabibu kavu ukiweza.

Za Agosti na Septemba ziliivia kwenye ukavu, mchana jua la kutosha, usiku baridi inatunza asidi na harufu. Kwa waini nyekundu ya staha mi nataka hizi tu. Na kwa vichaka vizee siku hizi navuna hayo mavuno moja tu, mzunguko wa mvua napogolea kwa kupumzisha, nakata vichala vyote vinapojitokeza. Nilianza hivyo miaka mitano nyuma baada ya kuona mashina yamechoka, na tangu hapo machipukizi yamerudi na nguvu. Waya yenye umri mdogo na matone na samadi ya kutosha inahimili mavuno mawili, kichaka kizee ukikilazimisha unakiua taratibu.

Siku ya kuvuna usiiachie wiki. Kuanzia katikati ya Agosti napima kila siku ya pili, punje mia kutoka miti tofauti, juu na chini, kivulini na juani, nakamua pamoja. Nataka briksi, yaani kipimo cha sukari, 22 mpaka 23. Ukizidisha kwa 0.57 hivi unapata kilevi kama asilimia 12.5 hadi 13, inatosha kabisa. Watu wetu wanasubiri 26 wakiamini utamu zaidi ndo ubora, matokeo yake waini inafika 15, inachoma, na asidi imeshakimbia. Asidi ikikimbia pH, kipimo cha ukali wa asidi, inapanda, na pH ikipanda kutoka 3.4 hadi 3.8 unahitaji salfa huru, dawa ya kuzuia waini isiharibike, zaidi ya maradufu kulinda ileile waini. Kwa hiyo aliyechelewa kuvuna anajikuta ana waini nzito na dawa nyingi ndani yake. Tafuna mbegu pia, ikiwa ya kahawia na inavunjika kama karanga iliyokaangwa uko tayari, ikiwa kijani na inauma ulimi subiri.

Na vuna alfajiri. Saa kumi na moja tuko shambani, saa tatu tumemaliza, zabibu zinaingia ndani zikiwa bado na ubaridi wa usiku.

Kwenye pipa: kukoroga sana au kuloweka taratibu

Tulichofanya kwa misimu mitatu ni kugawanya. Zabibu za kichaka pipa mbili, za waya pipa mbili. Moja ya kila upande tukaifanya kwa nguvu, kuponda zote, kukoroga mara nne kwa siku, joto likapanda mpaka nyuzi 32, maganda yakakaa siku 15. Nyingine tukaifanya kwa upole.

Upole wenyewe ni hivi. Robo ya vichala naviweka vizima chini ya pipa pamoja na vikonyo vyake, ila vikonyo viwe vimeanza kukauka na kugeuka kahawia, vya kijani vinatia uchungu wa majani. Zilizobaki tunazipukuchua kwa mkono, akina mama wanakaa duara kama wanachambua mchele, punje nyingi zinaingia nzima bila kupondwa. Ndani ya punje nzima uchachushaji unaanza wenyewe kidogo pale hewa ya oksijeni inapokosekana, ndo unapata ile harufu ya matunda yaliyochumwa sasa hivi. Nafunika, siku mbili za kwanza nazungushia pipa gunia lililoloweshwa, na hewa yetu kavu ya Dodoma inafanya kazi kama friji, unashangaa. Ikianza kuchemka nachunga isipite nyuzi 25 au 26, gunia likishindwa natumbukiza chupa za maji zilizogandishwa zikiwa zimefungwa vizuri. Ikipita 35 hamira inaweza kufa na sukari ikabaki, hapo umeshaharibu. Kofia ya maganda, yale yanayoelea juu, siipigi, nachota mchuzi wa zabibu chini namwagia juu kwa kikombe, asubuhi na jioni, basi.

Siku ya saba nakamua. Sababu yake rangi inatoka mapema, siku ya nne mpaka ya sita imeshafika juu, lakini tanini za mbegu zinasubiri kilevi kipande ndo zinatoka, na hizo ndo zinakausha mdomo. Ukikamua mapema unachukua rangi na harufu unaziacha mbegu na ukali wake. Kinachotoka chenyewe bila kukandamizwa naweka pembeni, cha kukandamiza mwishoni naweka chombo kingine, nakuja kuonja baadaye kama kinafaa kuchanganya. Kilo 100 zinanipa lita 60 na kitu, chupa 80 hivi.

(Mlango na dirisha viwe wazi muda wote huo, tafadhali. Hewa ya ukaa inayotoka kwenye pipa ni nzito, inatuama chini, chumba kilichofungwa kinaweza kuua mtu aliyeinama kusafisha.)

Sasa matokeo. Kichaka kwa upole: rangi ya zambarau iliyoiva ikiangaliwa kwenye mwanga unaona vidole upande wa pili, harufu ya zambarau, ubuyu, kidogo karafuu na majani makavu, inapita kooni laini alafu inarudi. Wote mezani misimu yote mitatu waliiweka ya kwanza. Kichaka kwa nguvu: nyeusi, nzito, mwaka wa kwanza wageni waliisifia kwa rangi yake, baada ya miezi sita harufu imezikwa chini ya tanini, na mi iliniuma kwa sababu zilikuwa zabibu nzuri mno kufanyiwa vile. Waya kwa nguvu ilikuwa waini ya kawaida, yenye ukali, ukiiweka na nyama ya kuchoma inavumilika. Waya kwa upole mwaka wa kwanza ilikuwa nyepesi ila tupu, kama maji yaliyopita kwenye zabibu, sababu mzigo ulikuwa mkubwa na hakukuwa na kitu cha kutoa kwa upole.

Lakini ile mistari miwili aliyopunguza vichala, na akafunga matone wiki nne kabla ya kuvuna! Shemeji alionja akanyamaza, akaniambia, "Shemeji, hii ni ya kwako, si ya kwangu." Nikamwonyesha namba kwenye pipa, ilikuwa yake. Haikufika kichaka kwa urefu wa ladha, ila ilikaribia kweli. Kwa hiyo waya inaweza. Inahitaji mtu ajizuie mwenyewe kwa mkasi na kwa bomba la maji, wakati kichaka kizee kinajizuia chenyewe hata mwaka ambao umeumwa hukwenda shambani.

Chombo cha kutunzia nitapita haraka. Pipa jipya la mwaloni la lita 225 ni ghali na kwa waini laini namna hii linaifunika, unakunywa mbao na vanila. Plastiki inapitisha hewa kidogo kidogo, miezi mitatu minne sawa, mwaka hapana. Chuma kisichoshika kutu au chupa kubwa za kioo, zijazwe mpaka shingoni, nafasi ya hewa juu ni siki inakuja. Mi naweka kwenye chuma miezi minane.

Kwa hiyo we uchague nini

Kama soko lako ni kilo za zabibu kiwandani, au unauza mchuzi kwa lita kwa watu wenye viwanda, weka waya. Bei wanayokupa haiulizi mzabibu una miaka mingapi, inauliza uzito, na kichaka kitakutia umaskini. Kama shamba jipya halina kitu pia weka waya, huwezi kupanda miaka arobaini. Epuka udongo wa mbuga tu, ule mweusi unaopasuka, tafuta kichanga chekundu, na nenda kituo cha utafiti Makutupora uchukue miche safi kwao kuliko vipandikizi vya jirani.

Kama una vichaka vya zamani kwenye kichanga, hata nusu ekari, na una uvumilivu wa kutengeneza waini yako mwenyewe chupa chache kwa mwaka, usiving'oe. Kuuza kwa chupa kuna safari yake, leseni, alama ya TBS (shirika la viwango), stempu za TRA (mamlaka ya mapato), na SIDO (shirika la viwanda vidogo) watakusaidia mafunzo, kwa hiyo usianze na lita elfu, anza na pipa moja mwezi wa nane huu. Na kama una vyote viwili kama familia yetu, acha waya ilipe bili na kichaka kitengeneze waini, ndicho tunachofanya mimi na shemeji.

Mama mdogo hofu yake ilikuwa mapengo, kwamba kila mwaka miti mitatu minne inakufa na shamba linakuwa na matundu kama meno ya mzee. Hapo nilimwambia asinunue miche. Chukua tawi refu la mzabibu ulio hai karibu na pengo, lichimbie mfereji wa kina cha mkono mpaka kwenye pengo, lizike, ncha itokeze macho mawili juu, tia samadi iliyoiva na majivu kidogo ya kuzuia mchwa, mwagilia mpaka mvua zije. Mzabibu mama unamnyonyesha mtoto kwenye tawi hilohilo mwaka mzima au miwili, alafu ndo unakata. Msimu uliopita nimezika matawi saba, matano yameshika, na moja tayari limefika magotini.